Mtungi wa Uzee Wangu

Siku hiyo, wajukuu zangu, ilinichosha kabla jua halijafika utosini. Mwanangu Mize alikuwa amevuka kutoka Mbagala kuja kwangu Mafia kunichukua, maana ile kambi ya wageni wapiga mbizi niliyoipikia tangu nywele zangu nyeusi ilikuwa imeniaga kwa heshima, na kiinua mgongo changu nilikuwa nacho, pamoja na akiba yangu ya kikoba cha akina mama. Mize alitaka fedha yote ijenge fremu mbili za duka kule kwake, nami nihamie chumba cha uani nikalee wajukuu. Kwa mapenzi, sikatai. Lakini mimi na marehemu baba yake, Makungu, fundi wa kujaza mitungi ya hewa, tulikuwa na jambo letu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuzama na mtungi mgongoni, msimu wa mvua, kambi ikiwa tupu. Jioni baada ya jioni, tukimenya mihogo, tulipanga: tukistaafu, twende tukazame bahari za watu, Kilwa, Mtwara, Pemba, hata Shimoni kwa Wakenya. Akatangulia mbele ya haki hatujafika hata Kilwa.

Nilipoligusia wakati wa chakula, Mize aliweka tonge chini. "Mama, una wajukuu wanaota ndevu, halafu unataka kuvaa suti ya mpira kama chura?"

Nikacheka, lakini likanichoma. Akasema alasiri atampigia mumewe, fundi anasubiri, basi nimpe jibu. Nikaosha vyombo, nikasugua sufuria hata lisilo na masizi, nikajilaza mkekani chumba cha nyuma ambako upepo hupita, na usingizi ukanichukua jibu likiwa bado kooni.

Nikajiona natembea katika nchi iliyo chini ya maji, wala silowi. Njia zake mchanga mweupe, nyumba zake matumbawe, na kuta zake zilikuwa zikipumua taratibu kama mtoto aliyeshiba maziwa. Samaki wa rangi walipita madirishani mithili ya vitenge vilivyochomolewa kambani na upepo. Kila mkazi alibeba mtungi mgongoni, na kama ijulikanavyo ndotoni, mambo unayajua bila kuambiwa, nilijua kwamba mle ndani zimeshindiliwa siku zake zilizobaki pamoja na chumo la ujana wake. Nikapapasa mgongo wangu. Nami ninao, si mkubwa, umebabuka rangi, lakini una kitu.

Penye mlango wa nchi alikaa mzee aitwaye Hofu, ameukalia mtungi wake kama kuku anavyoatamia. Mashavu yamemvimba, macho yamemtoka, pumzi anaiiba kidogo kidogo puani. "Karibu bibi, keti," akaninong'oneza. "Usiufungue. Ukiufungua utakwisha."

"Wewe umeukalia tangu lini, baba?"

"Tangu ujana."

"Na umeona nini huku chini?"

Akafikiri sana. "Nimeuona huu mlango."

Nikamhurumia, na karibu nikae naye, kwa kuwa sauti yake ilifanana na ya Mize anaponiwazia. Mara akatokea mwanamke, mapezi yake ya miguuni yana nakshi za dhahabu, miwani yake mipana kama sinia la maulidi, na hewa ameifungulia ovyo ili mapovu yampigie vigelegele juu ya kichwa. Huyo ndiye Fahari. "Ee bibi wee! Na kopo hili la kutu unakwenda wapi? Bahari ya kwenu umeimaliza. Twende kwa ndege, tulale hoteli za vioo, tuzame kina ambacho mtu hajafika, turudi na picha majirani wapasuke!" Mimi niliyefananishwa na chura mchana ule, maneno hayo yaliniingia kama asali. Nikamfuata. Tukashuka na kushuka, na kadiri tulivyoshuka rangi zikawa zinakufa; nyekundu ikawa masizi, manjano ikawa majivu, hata dhahabu ya Fahari nikaiona kijivu. Nikatazama saa ya mtungi, ile ionyeshayo hewa iliyobaki: mshale umeanguka. Nikamgeukia mwenzangu. Yuko mbali, anamwomba mpita njia hewa.

Hapo nikafanya kosa letu sisi wanawake wa pwani tuliokulia kuokota kombe. Utotoni tulisifiwa kwa kubana pumzi. Msichana aliyekawia chini ndiye aliyeimbwa. Nami, ili kiporo cha hewa kisipotee, nikafumba kinywa, nikabana, nikapiga miguu kwenda juu. Kifua kikaumuka kama unga wa maandazi uliosahauliwa juani. Kikataka kupasuka. Mkono ukanidaka kifundo cha mguu.

"Toa pumzi, Somoe! Toa! Imba kama huwezi kutoa!"

Nikaimba, sijui nini, mapovu yakamiminika na kifua kikashuka. Aliyenishika alikuwa mwanamke wa rika langu, kanga moja kifuani, hana pambo hata hereni. Jina lake Kiasi. Akaniambia, bila haraka, kama mtu anayepepeta mchele: "Ulipokuwa msichana ulishuka na pumzi ya juu, ukarudi nayo ile ile, ukiibana haikukudhuru. Hii umepewa huku chini. Apandaye ameibana, humpasua. Hofu anaibana, Fahari anaimwaga, na hakuna kati yao aliyemtazama samaki mmoja akamaliza. Wewe vuta, toa, taratibu. Usizame kina cha kuonyesha watu. Rangi zote zinaishi juu juu, penye mwanga. Safiri msimu ambao wageni wamerudi kwao na bei zimelala. Penye ndugu lala, penye jiko pika, mkono wako ni nauli. Na hewa ya mwisho ya mtungi usiiguse kwa starehe. Hiyo ni ya kurudi nyumbani."

Tukapanda. Karibu na mwanga akanizuia tutulie kidogo, kwani atokaye kina hapandi kwa pupa. Pale tuliposimama palikuwa na baraza ya bibi anayenukia asumini, anayeitwa Jana, na barazani kwake, Mungu wangu, palikuwa na kambi yetu ya zamani, mvua inagonga bati, na Makungu, grisi hadi viwikoni, anaitukana mashine ya kujazia hewa: "Washa, punda wewe!" Aliponiona akaichukua miwani yangu, akaitemea mate, akaisugua kwa kidole gumba isije ikaingia ukungu, kama alivyonifanyia miaka yote.

"Bado hujaenda Kilwa, mwanamke wewe?"

"Nakungoja."

"Utangoja sana. Mtungi wangu nimeshaurudisha." Akacheka, lile pengo lake likaonekana.

Jana akanimiminia kahawa. "Kaa, mwanangu. Kwangu hakuna nauli." Ilikuwa tamu, wajukuu zangu, kahawa ile, na mvua ile, na harufu ya grisi. Nikanywa kikombe, nikanywa cha pili. Lakini nilipotazama saa, mshale ulikuwa ukishuka pale pale barazani kama kwingine kote. Kiasi hakunivuta. Alisema tu, "Kahawa ya Jana si haramu. Ila hewa unayoivuta hapa ni ya leo." Nikasimama, nikafunga kanga vizuri. Makungu hakunishika; alikuwa amerudi kuigombeza mashine yake.

"Mama! Alasiri hiyo!"

Mize alikuwa mlangoni, simu mkononi. Nikamtazama mwanangu, na maana ikanijia kama maji kupwa, jiwe moja moja likijitokeza: huyu si adui yangu, huyu amebana pumzi kwa niaba yangu.

"Keti," nikamwambia. "Fremu moja nitakusaidia. Mbili hapana. Nyumba hii msimu wa wageni wapange watu wa kambi, nami nije kwako kwa wajukuu, kodi yake iwe nauli yangu. Mvua zikianza kupungua nakwenda Kilwa kwa binamu yangu Mwanahawa. Kuna kambi ndogo kule. Nitaomba niwapikie, wanipe kitanda na kuzama."

"Na ukiugua?"

"Fungu la kuugulia limekaa pembeni, siligusi hata kwa nazi. Na daktari atanipima kifua kabla ya safari."

"Watu watasema nini, mama?"

"Watasema. Mimi nitakuwa chini ya maji, sitasikia."

Akataka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Akakunja pembe ya mkeka, akaikunjua. Kisha akapiga simu.

"Baba Latifa? Mwambie fundi tujenge moja. Moja, ndiyo. Aa, haumwi. Ameamka tu."