Aliyempita Kirangozi

Kila jioni, vyombo vikiisha kuondolewa, Ngollo alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, akakariri mbele ya baba yake sura aliyoisoma shuleni siku ile. Mwalimu Silasi alikaa kwenye kiti chake cha kamba, macho ameyafumba, kitabu kiko wazi magotini ingawa hakukihitaji. Neno likimpotea binti, baba aliliita kwa sauti ya chini, naye Ngollo akalidaka na kuendelea.

Hiyo ndiyo ilikuwa saa yake. Silasi mwenyewe alichunga ng'ombe huko Igunga mpaka ndevu zikamwota, wala hakupata kufundishwa na baba yake hata herufi moja. Alijipigania peke yake mpaka akawa mwalimu mkubwa wa shule ya pembezoni mwa mji wa Tabora. Kwa hiyo kumsikia mtoto wake wa kumzaa akimwaga kurasa nzima bila kukwama kulimfurahisha kuliko mshahara. Wageni waliofika kwake walikaribishwa chai, kisha wakakaribishwa Ngollo.

Mambo yalibadilika mwaka ule, miaka michache baada ya vita vya Hitla, alipoletwa Mwalimu Amne. Alikuwa msichana wa Isevya, wa ukoo wa Waislamu wa zamani wa mjini, mpole, mwenye sauti ya kumfanya mtu asogee karibu ili asikie. Alipewa darasa la nne, na Ngollo alikuwa darasa la nne. Kitabu chao cha kusoma kilikuwa kidogo, cha jalada la kijani, chenye habari za mpagazi mmoja aitwaye Mihambo, aliyechukua pembe ya ndovu kutoka Unyanyembe, nchi ile ile ya Tabora, hadi pwani, kisha akarudi kwao.

"Haya, mama, tuanze," Silasi alisema jioni moja.

"Leo hatukukariri, baba."

"Mlifanya nini?"

"Tulifinyanga."

Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na pembe ya udongo, ndogo kama kidole gumba, yenye ufa katikati.

"Mwalimu Amne alisema kila mtu atengeneze kitu kimoja ambacho kikikosekana hadithi haiendi. Kisha aeleze kwa nini."

"Na huo ufa?"

"Mihambo aliiangusha mtoni."

"Kitabu hakisemi kwamba aliiangusha."

"Kinasema alivuka maji yakiwa kifuani, halafu ng'ambo ya pili akakaa kimya mpaka jua likazama. Sasa, baba, kama hakuiangusha, alinyamazia nini?"

Silasi alikichukua kitabu, akautafuta ukurasa wa mto. Mkewe alicheka huko alikokuwa akisugua sufuria.

"Baba Ngollo, leo umepatikana!"

"Sijapatikana," alisema Silasi. Lakini alilala na neno lile.

Tangu siku hiyo ikawa Mwalimu Amne huku, Mwalimu Amne kule. Mwalimu Amne amesema tuchore njia ya msafara uwanjani kwa majivu. Mwalimu Amne amesema tutunge wimbo ambao mke wa Mihambo aliuimba akitwanga. Ngollo akaanza kuinamisha kichwa upande akisikiliza, kama mwalimu wake. Akaanza kusema "ehee, halafu?" kama mwalimu wake. Siku alipomwomba mama yake hina ya vidoleni kama ya mwalimu wake, Silasi alitoka nje akasimama ukutani, roho inamuuma kama mtu aliyeporwa, naye hawezi kumwita polisi.

Alianza kupita pita karibu na dirisha la darasa la nne. Alijiambia anakagua kuta. Siku moja alimwona Ngollo ameketi kwenye kigoda mbele ya wenzake, kanga imefungwa begani. Huo ulikuwa mchezo mwingine wa Amne: mtoto hukaa kigodani akawa ndiye Mihambo, na wenzake humwuliza lolote wanalotaka, naye hujibu kama Mihambo.

"Mihambo," aliuliza msichana mmoja, Batuli, "kule pwani uliogopa nini? Bahari?"

Ngollo aliinamisha kichwa.

"Sikuogopa bahari," alisema. "Niliogopa kwamba nikirudi, nitamkuta mtoto wangu amepata baba mwingine."

Mwalimu Amne alikuwa ameshika chaki, akaiweka chini taratibu.

Silasi aliondoka dirishani kama aliyemwagiwa maji. Jioni ile alikisoma kitabu cha kijani tangu jalada hadi jalada akilitafuta neno lile. Halikuwamo. Basi limetoka wapi? Miaka yote Ngollo alimpa maneno yaliyopigwa chapa; neno la moyoni kampelekea mwanamke yule! Tena huenda ni mwanamke huyo aliyemtia neno lenyewe kinywani.

Kesho yake alimngojea Amne mlangoni mwa darasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwalimu Amne, kitabu ni cha kusomwa. Si cha kuchezewa."

"Wanakisoma, Mwalimu. Kisha wanakijibu."

"Kitabu hakikuwauliza kitu."

Amne alitazama chini, na Silasi aliona kwamba anazuia tabasamu. "Kwa mtoto, Mwalimu, kinauliza," alisema kwa adabu. Silasi angependa sana awe mkorofi, apate la kumshikia. Hakuwa mkorofi.

Siku ya wazazi ilipokaribia, darasa la nne liliamua kuutembeza msafara wa Mihambo wenyewe. Wangetoka shuleni, washike njia ya Kwihara waliyopita wapagazi wa zamani, mpaka kwenye gulio, wapige kambi pale na kuimba. Mizigo haikuwa ya mchezo. Amne aliwataka watoto wabebe unga na mtama wa kweli, umefungwa kwa mikeka na kamba za magome ya miyombo, ili shingo ziwafundishe yale ambayo kurasa hazikuweza.

"Na mimi nitakuwa nani?" Silasi alimwuliza binti yake, akijaribu kuifanya sauti yake kuwa ya utani.

Ngollo alikuwa akishona manyoya ya jogoo kwenye kitambaa cha kichwa. Hakuinua macho.

"Wewe, baba? Wewe utakuwa mtazamaji."

Siku ile watu walijaa njiani. Waliacha mafundo yao ya tumbaku na vikapu vya karanga, wakasimama pande zote mbili. Mbele kabisa alikuja kirangozi, kiongozi wa msafara, blanketi jekundu mgongoni, manyoya kichwani, ngoma ndogo kiunoni: Ngollo. Nyuma yake mstari wa watoto, shingo zimekazwa, wakiitikia wimbo. Mwisho kabisa, mkiani, alitembea Mwalimu Amne, kama afanyavyo mwenye kuwaangalia wanaosalia nyuma.

"Mwalimu Amne! Huyo! Huyo!" wanawake walipiga vigelegele. "Ametufufulia babu zetu!"

Silasi alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Alisimama pembeni pamoja na Abasi, fundi cherehani, mtani wake wa miaka mingi.

"Mwalimu," alisema Abasi, "shule hii siku hizi ya nani?"

"Nyamaza, Abasi."

"Nauliza tu. Maana naona binti ni wako, lakini shangwe ni za mwingine."

Hapo Silasi hakuweza tena. Aliingia njiani akiinyoosha fimbo yake kama mwenye shughuli, akatembea kwa maringo mbele ya msafara, mbele ya manyoya, mbele ya ngoma, akiwaamkia watu kulia na kushoto. Wacha waone shule ni ya nani! Wacha waone mtoto ni wa nani!

Ngoma ikanyamaza.

Alipogeuka, msafara wote ulikuwa umesimama. Watoto walikuwa wanatua mizigo chini, mmoja baada ya mwingine, nyuso zao zimekauka. Kisha sauti ikatoka katikati ya mstari: "Faini!"

"Faini! Kampita kirangozi! Faini!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wazee waliokuwapo walijua kosa hilo, na Silasi alilijua kuliko wote, kwa kuwa aliwahi kulikaririsha darasa zima: katika msafara hapana mtu wa kutembea mbele ya kirangozi, awe nani awe nani; atakayempita atanyang'anywa alichoshika, kisha atozwe faini. Maneno hayo alikuwa ameyabeba kichwani miaka, wala siku moja hayakuwahi kumshukia miguuni.

Mwalimu Amne alikuja mbio kutoka nyuma, ushungi umemteleza.

"Ngollo, mwache," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mwalimu mkubwa. Ni baba yako. Piga ngoma tuendelee."

Silasi alimtazama binti yake. Alijua atatii. Mtoto huyu sasa alimtii Amne katika kila jambo, na hili nalo angelitii, naye Silasi angeokolewa mbele ya watu wote na mwanamke yule.

"Hapana, Mwalimu," alisema Ngollo.

Manyoya kichwani hayakutikisika. "Wewe ndiye uliyesema niwe kirangozi. Sasa mimi ndiye kirangozi." Akamgeukia Silasi, akanyoosha mkono. "Fimbo, baba."

Silasi akatoa fimbo.

"Faini yako ni mzigo wa Raymundi, amechoka. Utatembea mkiani. Na wewe Mwalimu Amne umeacha nafasi yako, kwa hiyo utambebea Batuli wake."

Abasi alikaa chini kabisa, katikati ya njia, kwa kicheko.

Mzigo ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Kamba ya miyombo ilimkwaruza sikio, unga ukamwingia katika kola ya koti la Jumapili. Ngoma ilianza tena. Walitembea mkiani wawili, mwalimu mkubwa na mwalimu mgeni, kila mmoja na mkeka wake kichwani, wala hawakutazamana.

"Lile neno la kigodani," alisema Silasi hatimaye. "La mtoto kupata baba mwingine. Ulimfundisha wewe?"

Amne alishtuka kiasi cha kuushika mzigo kwa mikono miwili. "Mimi? Mimi nilidhani ni lako, Mwalimu! Kila nikimsahihisha huniambia, baba anasema hivi, baba anasema vile. Siku ile nilirudi nyumbani nikalia. Nilisema, huyu mzee ananizidi hata asipokuwamo darasani."

Basi lilikuwa la Ngollo mwenyewe. Na maana yake ilimjia pole pole, pamoja na jasho: kumbe mtoto alikuwa amemwona dirishani, au jioni zile mezani, alivyokuwa anaogopa kumpoteza. Alikuwa amemsoma yeye.

"Mkia!" kirangozi aliita kutoka mbele bila kugeuka. "Mkia, acheni maneno! Mnachelewesha watu!"

"Haya, kirangozi!" aliitikia Amne upesi, sauti yake imechangamka.

Silasi alikunja uso. Kwa nini aitikie yeye kwanza? Akaurekebisha mzigo, akaongeza hatua mpaka akampita Amne kwa bega moja, na ngoma ilipotoa mdundo mwingine aliitikia kwa kifua chote, hata watu wa gulioni wakageuka kutazama ni nani.