Herufi Moja katika Sura ya Nne

Mwanaheri binti Iddi alikuwa na duka dogo la uchapaji Kilwa Kivinje, mtaa wa nyuma ya soko, na watu walimsifu kwa jambo moja: akikuchapia karatasi, hutarudi kuomba kosa lisahihishwe. Alisoma takwimu Dar es Salaam, akarudi kumtunza baba yake aliyepooza mguu. Alirudi na ujuzi wa LaTeX, ile programu ambayo huuoni ukurasa unapoandika. Unaandika maneno matupu na amri zake, kisha unaiagiza mashine, nayo inakupangia kitabu kizima, vichwa, majedwali na yaliyomo. Kivinje hakukuwa na mwingine aliyeijua. Ndiyo sababu Maftaha alimjia yeye.

Alikuja Jumamosi asubuhi. Maftaha alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini mno, hata anayezungumza naye hujikuta ameinama kumsikiliza. Alirithi ghorofa kongwe ya mawe na chokaa iliyojengwa wakati wa Mjerumani. Chini aliwakodishia wafanyabiashara wa nafaka, na ukumbi wa juu aliwakodishia wenye sherehe.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu." Aliweka flashi juu ya meza. "Mhandisi aliyekagua nyumba yangu kaniachia ripoti humu. Kaiandika kwa hiyo mitambo yenu. Nimesahihisha maneno mawili matatu mwenyewe, makosa ya uandishi tu. Mpangaji wangu anatoka Dar Jumatatu, anataka kuifanya hoteli. Nataka nimpe kitu kilichokamilika."

"Umesahihisha wapi?"

"Sura ya nne. Fungua iliyo kwenye folda mpya, uiingize mahali pa ile ya zamani. Mahali pengine usipaguse."

Mwanaheri akanakili folda yote kwenye kompyuta yake, kama afanyavyo kwa kazi ya kila mteja, akamwambia arudi jioni.

Kazi ilimkwamia mwanzoni tu. Wiki ile kompyuta yake ilikuwa imeingia virusi akaifuta yote, kwa hiyo kihariri chake cha maandishi kilikuwa kitupu, hakina kile kiendelezi kinachokiunganisha na LaTeX. Akakipakua kwa bando la simu. Kilichukua karibu saa nzima. Alipokisakinisha, kikagoma: kilidai hakuna injini ya kupangia kurasa, ilhali injini ipo. Akaenda kwenye mipangilio, akakiandikia mwenyewe njia ya kuifikia. Kikakubali, kisha kikalalamika kuhusu fonti. Akaipakua fonti. Kikakubali tena, lakini PDF haikufunguka. Adhana ya adhuhuri ilimkuta bado anabishana nacho. Ilipofunguka hatimaye, alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti, peke yake dukani.

Alikuwa na desturi ya kusoma PDF huku akitazama maandishi ya asili kando yake. Akafungua sura ya nne kwenye ile folda mpya, kabla hajaiingiza mahali pa ile ya zamani. Kwenye kihariri palisomeka: *Sakafu ya juu ni salama kwa mkusanyiko wa watu.*

Kwenye PDF palisomeka: *Sakafu ya juu si salama kwa mkusanyiko wa watu.*

Akasoma tena. Akadhani PDF haijajisasisha. Akabonyeza kitufe, mashine ikapanga upya. *Si salama.* Akafunga kila kitu, akafungua. *Si salama.* Yapo mafaili madogo madogo ambayo LaTeX huyaacha nyuma kila inapofanya kazi, na mara nyingine huhifadhi mambo ya zamani. Akayafuta yote, lisibaki hata moja, akaamuru upya. Kurasa zikajipanga polepole, na neno lile likarudi pale pale.

Akajaribu jambo la mwisho alilolijua. Akaandika jina lake katikati ya sentensi, kwenye kihariri: *Mwanaheri*. Akapanga. PDF haikuwa na Mwanaheri.

Ndipo alipotambua kwamba ukurasa anaousoma haukutoka kwenye faili alilolifungua. Akafungua kumbukumbu ya mashine, orodha ndefu inayotaja kila faili lililosomwa, na ndani yake sura ya nne iliyotajwa ilikuwa ya folda ya zamani. Akarudi juu kabisa ya faili. Mstari wa kwanza ulianza na alama ya asilimia. Mstari wa namna hiyo haupigwi chapa. Asiyejua huudhani takataka. Kumbe ulikuwa unakiambia kiendelezi: faili mama la sura hii ni lile pale. Na faili mama lilikuwa bado linaiita sura ya nne kama mhandisi alivyoiandika kwa mkono wake.

Akaziweka sura mbili ubavu kwa ubavu. Ya mhandisi ilisema boriti kumi na moja kati ya ishirini na mbili zimeliwa na mchwa kwa ndani, ganda tu limebaki. Ya Maftaha ilisema boriti moja. Ya mhandisi ilisema ukumbi ufungwe mara moja. Ya Maftaha haikuwa na sentensi hiyo. Na pale penye uamuzi wenyewe, mtu alikuwa amebadilisha herufi moja tu.

Wakati huo huo ngoma ikalia.

Ilitoka juu ya ghorofa ya Maftaha, ng'ambo ya mtaa, na vigelegele nyuma yake. Mwanaheri alikuwa amesahau kabisa: ilikuwa siku ya harusi ya Warda, binti wa Bi Nusaiba, na mtaa mzima wa wanawake ulikuwa ukumbini.

Jina la mhandisi lilikuwa kwenye jalada, na namba yake ya simu chini. Sipriani, wa Mtanda, Lindi. Akampigia, naye akapokea mlio wa tatu.

"Kaka, samahani. Naitwa Mwanaheri, nachapa ripoti yako ya ghorofa ya Kivinje. Sura ya nne uliandika sakafu ni salama, au si salama?"

"Si salama. Nilimkabidhi mwenye nyumba tangu mwezi wa pili na nikamwambia kwa mdomo. Kwa nini?"

"Kuna watu juu sasa hivi."

"Wangapi?"

"Wanawake. Sitini, sabini. Wanacheza ngoma."

"Dada, nisikilize," alisema Sipriani. "Wateremshe. Lakini usipige kelele. Ngazi imeshikwa na boriti hizo hizo. Wakiikimbilia ngazi wote kwa pamoja, itakwenda nao. Washuke taratibu, mmoja mmoja. Sijui utafanyaje."

Mwanaheri akavaa buibui lake, akavuka mtaa. Alijizuia asikimbie.

Juu kulinukia udi na asumini. Wanawake walikuwa wamevaa kanga za sare, wamejipanga wakicheza, na Warda amekaa mbele yao kwenye kiti, mikono imepakwa hina. Mwanaheri alipoweka mguu ndani, sakafu iliupokea kama kitanda cha kamba. Hakuna aliyeonekana kulijali hilo. Kwenye pembe ya kaskazini, chini ya ukuta, chokaa ilikuwa imemwagika mstari mwembamba kama unga uliovuja kwenye gunia.

Akamfikia Bi Nusaiba, akamwinamia sikioni. "Shangazi, nyumba hii ni mbovu. Naomba watu washuke, taratibu."

Bi Nusaiba alicheka bila kuacha kupiga makofi. "Mbovu? Mimi niliolewa juu ya sakafu hii. Mama yangu pia. Kaa, mwanangu, ule biriani."

"Nimesoma ripoti, shangazi."

"Ripoti isome kesho. Au na wewe umetumwa kuja kuniharibia?"

Ngoma ikabadilika, ikawa ya kasi. Wanawake wakaanza kuruka. Mwanaheri akalihisi tetemeko likimpanda kutoka kwenye nyayo mpaka magotini. Alijua kuna jambo moja tu mjini pale linalonyamazisha ngoma bila kumkimbiza mtu, na kabla hajalipima, lilikwisha mtoka.

"Shangazi, baba amefariki."

Mkono wa Bi Nusaiba ukasimama hewani. "Iddi?"

"Sasa hivi."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akainua kiganja, na ngoma ikafa.

Hakuna aliyekimbia. Waliulizana kwa kunong'ona, wakatafuta mabuibui yao, wakajifunika. Mwanaheri alisimama kichwani mwa ngazi, na kila mmoja alipofika alimshika mkono akampa pole, naye akamzuia kidogo mpaka aliyetangulia afike chini. "Pole, binti Iddi." "Asante." "Mungu amlaze pema." "Amin." Aliitikia dua za maiti ambaye hakuwapo, mara sitini na kitu, huku macho yake hayabanduki kwenye ile pembe ya kaskazini. Warda alishuka wa mwisho, analia kikweli. Alipopita, chokaa ikadondoka begani kwake, akaipangusa bila kuitazama.

Walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa marehemu, wakimlilia njia nzima.

Mzee Iddi alikuwa amekaa barazani, mguu wake mbaya umenyooshwa kwenye mto, anasikiliza redio. Aliona msafara wa wanawake unamjia na vilio. Akapunguza sauti ya redio.

"Nani kafa?" akauliza.

Bi Nusaiba alimgeukia Mwanaheri akampiga kofi. Mwanaheri akasema yote, pale pale, mbele yao wote: ripoti, boriti, herufi iliyobadilishwa. Wanawake wakageuza shingo kuitazama ghorofa juu ya mapaa. Ilikuwa imesimama kama ilivyosimama miaka yote.

"Umeninyang'anya siku ya mwanangu," Bi Nusaiba alisema. "Na mdomo uliomwitia mauti baba yako mzazi, mimi siuamini hata ukiniambia jua linawaka."

Walipokwisha kutawanyika, Mzee Iddi akauliza polepole, "Ulikosa mwingine wa kumuua?"

"Ningemtaja mwingine wangeniuliza maswali, baba. Wewe, nani angeniuliza?"

Mzee alikizima kile kiredio, na siku ile hakukiwasha tena.

Magharibi ilipokaribia Maftaha akaja dukani. Hakutaja sherehe.

"Imekamilika?"

"Bado, ami. Kiendelezi kina hitilafu."

Maftaha akanyoosha mkono. Mwanaheri akampa flashi yake.

Jumapili hakuna aliyemsalimu. Sherehe ilimaliziwa uani kwa Bi Nusaiba. Jumatatu, mapema asubuhi, sakafu ya ghorofa ilianguka. Haikupiga kishindo. Waliokuwa sokoni walisema ilisikika kama magunia ya mpunga yanamwagwa, kwa muda mrefu, kisha vumbi jeupe likatoka madirishani. Kuta zilibaki wima. Ghala za chini zilifukiwa, na kwa bahati wenye nafaka walikuwa bado hawajafungua. Juu ya kifusi kilionekana kiti alichokuwa amekalia Warda, miguu juu.

Watu wakajaa. Na katikati yao akasimama Maftaha, anazungumza kwa sauti yake ile ya chini, umati umeinama kumsikiliza. Mkononi alikuwa na ripoti iliyopigwa chapa vizuri, yenye jalada. Alikuwa amempata mchapaji mwingine Kilwa Masoko, aliyeiingiza sura mpya kama alivyoambiwa. "Someni wenyewe," alisema. "Mhandisi kaniandikia ni salama. Jina lake hili hapa. Nimedanganywa, ndugu zangu. Ningewaua watoto wenu bila kujua."

Saa saba mchana Sipriani akapiga simu. Alikuwa ameitwa polisi. Nakala yake mwenyewe ilipotea alipoibiwa kompyuta mwezi wa tatu. "Dada, wewe uliiona," alisema. "Niambie uliiona."

"Niliiona," alisema Mwanaheri. "Ninayo."

Aliinua macho akamwona Maftaha mlangoni. Hakujua alikuwa amesimama hapo tangu lini. Akakata simu.

"Nimekuja kukushukuru," Maftaha alisema. "Mungu alikupa ishara, ukawaokoa." Akaketi kwenye kiti cha wateja. "Ile flashi yangu. Ulibakiza nakala?"

Mwanaheri alifikiria kusema hapana. Lakini mtu yule alikwisha sikia.

"Ipo, ami."

"Ifute, mwanangu. Haina kazi tena. Nyumba imekwisha anguka, na hakuna aliyekufa."

"Mhandisi je?"

Maftaha akainuka taratibu, akaunyoosha ukingo wa kanzu yake. "Baba yako mji ulikwisha mlilia," alisema, kwa sauti ya chini kiasi kwamba Mwanaheri, bila kutaka, aliinama kuisikia. "Watu wamechoka. Safari nyingine, hata kama ni kweli, hawatakuja."

Alipoondoka, Mwanaheri akaunganisha simu na kompyuta, akabana folda yote pamoja, folda ya zamani na folda mpya, na ule mstari wa asilimia ukiwa mahali pake, akaituma kwa Sipriani. Mtandao ulisuasua. Alikaa anatazama asilimia zikipanda, kumi, kumi na nne, na kila kivuli kilichopita mlangoni kilimfanya aifunike kompyuta kwa kanga. Ilipofika mia, Sipriani alijibu kwa neno moja: *Imefika.*

Kesho yake, gizagiza la alfajiri halijatoka vizuri, alimpakia baba yake kwenye gari la Lindi, akampeleka Mingoyo kwa binti yake mwingine. Mzee Iddi hakuuliza kitu mpaka walipofika. Ndipo akasema, "Mwambie dada yako nimekuja kutembea. Usimwambie nimekimbia."

Sipriani aliwekwa ndani, akaachiwa wiki ya pili polisi walipokwisha kuisoma folda ile. Shauri bado linaendelea, na Maftaha yuko nje kwa dhamana. Mwanaheri amerudi kufungua duka, maana kazi ni kazi. Bi Nusaiba akimwona hubadilisha njia. Na kila asubuhi, anapofagia kizingiti, Maftaha hupita na kanzu yake safi, husimama, na humuuliza kwa upole:

"Mzee hajambo? Siku hizi simwoni barazani. Mmemhamishia wapi?"

"Hajambo, ami," Mwanaheri hujibu, na huendelea kufagia mpaka hatua zake ziishe mtaani.