Asante Waliyoitaka

Kiwanja chetu cha Murara, mjini Goma, kilimezwa na moto wa mlima mwezi wa kwanza wa mwaka elfu mbili na mbili. Tuliporudi kutoka Gisenyi tulikokimbilia, jiwe lilikuwa bado linachoma miguu kupitia kandambili. Pale palipokuwa na nyumba yangu, jiko langu na mparachichi nilioupanda mwenyewe, palikuwa na jiwe jeusi tu, limepanda juu kuliko kichwa cha mtu.

Nilikuwa na wajukuu watatu. Mkubwa, Généreuse, alikuwa anasoma ualimu. Wadogo walikuwa Igihozo na mdogo wake wa kiume, ambaye alikuwa hajaacha kunyonya kidole. Mama yao, Béata wangu, aliuawa pamoja na mumewe kwenye barabara ya Kalengera, katika vita vilivyotangulia. Kile kiwanja ndicho kitu pekee nilichokuwa nimebaki nacho cha kuwaachia.

Tulilala juu ya jiwe lile, chini ya bashi moja, turubai la plastiki, sisi na jirani yangu Asumini. Asumini ni Mwislamu, mjane kama mimi. Wazee wake walikuja Goma na biashara kutoka Maniema. Siku ya moto alimbeba Igihozo mgongoni, akaiacha ndani cherehani iliyokuwa inamlisha. Sijamsikia hata siku moja akiitaja ile cherehani. Usiku mvua ikinyesha, jiwe lilitoa mvuke, na mtoto mdogo alikohoa mpaka akatapika. Asumini alikuwa analala upande ule unaovuja na kusema kwamba anapenda baridi.

Wakati ule mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Wenyewe hawakujiita hivyo. Tulitakiwa kusema utawala. Redio ilikuwa yao, na ofisi ya viwanja pia. Siku moja akaja mtu wa ofisi hiyo, jina lake Édouard, aliyekuwa mwalimu kabla ya vita. Alinisalimia kwa mikono miwili. Alisema utawala utagawa viwanja juu ya jiwe, katika mkutano mkubwa, na redio itakuwepo. Kila atakayepewa ataitwa mbele kushukuru. Alitaka niwe miongoni mwa wa kwanza, kwa sababu nina mvi na watu wananiheshimu. Akanifundisha maneno, nikayarudia nyuma yake kama mtoto wa katekisimu:

"Sisi wahanga wa volkano, tusiokuwa na kitu, tunaushukuru utawala uliotupatia mahali pa kuishi."

Nilifurahi, sitaficha. Kushukuru si kazi ngumu kwangu. Mama yangu alinilea hivyo: ukipewa maji, shukuru, ukipishwa njia, shukuru.

Généreuse aliporudi na ndoo ya maji nikamwimbia maneno yangu. Hakufurahi. Mwalimu wao mmoja alikuwa amewafundisha kuyachambua maneno ya wakubwa kama mtu anavyochambua mchele kwenye ungo: nani anasema, nani hapewi nafasi ya kusema, na ni jambo gani linalopitishwa kimyakimya kana kwamba wote wamekwisha kukubaliana. Aliniomba niyaseme tena, polepole.

"Koko, bibi yangu," akasema, "katika maneno haya hakuna mtu aliyewahi kununua kiwanja. Sisi tumezaliwa siku mlima ulipopasuka. Hatuna kitu, tunapewa. Na mwenye kutoa ni mmoja tu. Anayetoa anaweza kunyima."

Nikamwuliza amnyime nani. Akaonyesha kwa kidevu upande wa barabara, kwenye kiwanja cha Asumini.

Habari hiyo tulikuwa nayo tayari. Jirani yetu Havugimana, fundi wa mawe, alikuwa ameitwa na mkuu mmoja wa jeshi apime mahali pa kujenga depo, ghala la jeshi, na mahali penyewe palikuwa pale barabarani, juu ya nyumba ya Asumini na ya wengine watatu. Ofisi ilikuwa imesema kwamba upande ule haukuwa na watu. Havugimana, ambaye hakosi mzaha hata kwenye kilio, alisema mlima ndio chifu wa kwanza kupima viwanja vya Goma bila kuomba bia. Tulicheka. Asumini pia alicheka, kisha akainuka akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Basi nikaelewa. Kama mimi, jirani wa ukuta kwa ukuta, nikisimama mbele ya redio na kusema kwamba hatukuwa na kitu mpaka tulipopewa, basi yeye ambaye hakupewa hakuwahi kuwa na kitu. Asante yangu ingekuwa ushahidi juu yake.

Lakini Généreuse huyohuyo, baada ya kunifungua macho, alianza kulia na kuniomba niseme hivyo hivyo. Mtoto alikuwa anakohoa. Mahali pengine hatukuwa napo. Na Asumini, tulipomweleza, alikasirika kwamba tunapoteza muda.

"Mama Béata, sema ile maneno. Maneno ni upepo. Nyumba yangu watachukua, useme usiseme. Ya kwako chukua, ulaze batoto."

Aliniambia hivyo huku akimsugua mtoto kifua kwa mafuta ya mawese ya mwisho aliyokuwa nayo.

Siku ya mkutano jua lilikuwa kali na jiwe likalirudisha usoni. Édouard aliniletea kiti. Akanishikia mwavuli wake mwenyewe, na jasho likamtiririka yeye. Wanajeshi walikuwa wamekaa kivulini. Akainama akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, tafadhali, yote kama tulivyojifunza. Na mimi niko na batoto." Nilimwonea huruma.

Havugimana aliitwa kwanza. Mke wake alikuwa amelala mgonjwa juu ya mkeka kanisani. Aliyasema maneno yote, akapiga makofi, akapewa vigingi vyake vinne vya kupimia kiwanja. Aliporudi hakutazama upande wa barabara. Simlaumu.

Wakaita, "Mukabalisa." Nikasimama. Maikro ilinuka chuma. Asumini alikuwa nyuma ya watu, midomo yake inacheza, ananisaidia maneno.

"Sisi wahanga wa volkano," nikasema. "Tusiokuwa na..."

Hapo nikakwama. Nilijaribu, Mungu ananijua. Nilimfikiria mtoto na kikohozi chake, nikafungua mdomo mara ya pili, na midomo ya Asumini kule nyuma bado inacheza, ananifundisha kumfuta.

"Namshukuru Asumini," nikasema. "Alitoka nyumbani kwake, pale barabarani, ukuta wake umegusana na wangu, akambeba mjukuu wangu. Kiwanja changu tulinunua na marehemu mume wangu, tulipokuwa tunalima maharage Kibumba. Mtu akirudishiwa sufuria yake hasemi asante. Anayeshukuru ni yule aliyeiazima."

Wachache walicheka, kicheko kifupi, kikakatika. Édouard alichukua maikro mkononi mwangu bila kuninyang'anya, taratibu, kama mtu anayempokea mzee mzigo. Akawaambia watu kwamba mama amechoka, mlima umemvuruga akili, tumpe pole. Watu wakanipa pole. Jioni redio ilitoa shukrani za wengine wote. Juu yangu ilisema kwamba ajuza mmoja aliyechanganyikiwa na maafa alisaidiwa kuketi. Jina la Asumini halikutajwa.

Vigingi vyangu alipewa mtu mwingine. Kesho yake wanajeshi walikuja kung'oa bashi, kwa sababu kazi ya depo ilikuwa inaanza.

Nilitegemea Asumini atanishika mkono. Hakunishika. Alikuwa anakunja mikeka, na uso wake ulikuwa kama jiwe lile.

"Nani alikutuma?" akaniuliza. "Sasa tumekosa wote wawili. Mimi nilishazoea kukosa. Ulikuwa na kiwanja mukononi, Mama Béata. Mukononi."

Nikaanza kukunja mkeka wa watoto.

Kaka yake Asumini alikuwa na chumba kimoja mtaa wa Birere, na watu tisa ndani. Alikwenda kumwomba, akarudi, akasema wanaweza kubanana naye na watoto wawili, wakubwa wengine hapana. Alisema hivyo akiwa amenipa mgongo. Mimi na Généreuse tungepanda kwenda Kibumba kutafuta vibarua vya kulima katika mashamba ya watu, kama barabara ingekuwa wazi. Chuo chake kilikuwa kimeishia hapo.

Asumini alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge chake, akainamisha sikio kusikiliza pumzi zake, akamnyooshea Igihozo mkono. Igihozo alikuwa ameshika nguo yangu kwa ngumi zote mbili na hakuwa analia, ameshika tu. Nikamwambia aende. Hakuachia. Basi Asumini akapiga magoti kwenye jiwe na kuanza kumfungua vidole, kimoja kimoja, polepole asimwumize, bila kunitazama.