Ufagio Barabarani

Asubuhi hiyo Mwanamkuu aliifagia barabara kama anavyofagia uwanja wa nyumba yenye harusi. Ufagio wa chelewa ulikwenda kushoto, ukaja kulia. Majani na mchanga uliolegea akavisukumia pembeni. Wenzake wa kikundi, Arafa na Biubwa, walifuata nyuma wakiimba na kufagia. Mgeni aje Bweni akute takataka njiani? Hata kidogo!

Mgeni mwenyewe alikuwa Zenab, binti wa mwenye duka mjini Kilindoni, aliyesomea ujenzi wa barabara, akarudi kisiwani kuwafundisha wanakijiji kuzitunza. Aliwaonyesha namna ya kuinua mgongo wa barabara katikati ili maji yateremkie mitaroni. Wao, tangu hifadhi ya bahari ilipokataza kuvunja matumbawe waliyokuwa wakifukia barabarani, walizoea kuziba mashimo kwa makumbi ya nazi. Makumbi yalilowa, yakaoza, na shimo likarudi na nduguze. Sasa kipande chao cha majaribio kilikuwa tayari kukaguliwa. Kikihimili mvua moja kubwa, kikundi kitakabidhiwa barabara yote. Kikishindwa, mafunzo na vifaa vitahamia kijiji kingine.

Mwanamkuu aliitaka barabara hiyo kwa moyo wake wote. Masika yaliyopita, gari lililomchukua bintiye Somoe kwenda hospitali lilikwama topeni penye mnazi uliopinda, na Somoe akajifungulia papo hapo, chini ya turubai. Mama na mtoto walisalimika, lakini ukelele wa bintiye siku ile haukumtoka Mwanamkuu masikioni.

Pikipiki ilinguruma. Zenab akashuka, wingu jeusi limemfuata mgongoni.

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona inavyong'aa?"

Zenab alitazama huku na huku, tabasamu likamganda. "Inang'aa kweli. Lakini mitaro iko wapi?"

Mwanamkuu akageuka. Mitaro ilikuwa imejaa mchanga na majani hadi ukingoni, na aliyeijaza ni yeye, kwa mikono yake, kwa heshima ya mgeni. Tone la kwanza likamdondokea usoni.

"Majembe!" alipiga kelele. "Arafa! Biubwa! Leteni majembe!"

Mvua ikashuka kwa kishindo. Maji yaliteremka vizuri kutoka mgongoni mwa barabara, yakafika pembeni, yakakosa njia, yakaanza kurudi. Arafa na Biubwa walichimba bila kuinua vichwa. Mwanamkuu alipiga magoti akazoa mchanga kwa viganja, kanga imemganda mwilini. Zenab naye akavua viatu, akaingia mtaroni.

"Huku, Bi Mwanamkuu! Fungua mdomo wa mtaro kwanza!"

Mwanamkuu akauvamia kwa mikono miwili. Mchanga ukamegeka. Maji yakasita, yakazunguka, kisha yakatoka mbio kuelekea minazini.

"Yanakwenda! Jamani, yanakwenda!" Mwanamkuu alipaza sauti.

Biubwa akapiga kigelegele. Furaha ilimjaa Mwanamkuu pomoni, akawa anacheka huku analia, na mvua ikimwosha yote mawili. Juu yao barabara ilikuwa imelowa tu, haikubakiza hata kidimbwi.

"Imehimili," Zenab alisema, akijipangusa tope kwenye paji la uso. "Barabara ni yenu. Kesho tuanzie wapi?"

"Kesho?" Mwanamkuu aliuruka ufagio wake uliolala pembeni, akatwaa jembe. "Twende sasa hivi. Tuanzie pale penye mnazi uliopinda, pale alipozaliwa mjukuu wangu."

Akatangulia. Mvua ilikuwa bado inanyesha.