Mashimo ya Eulogio

Kaka yangu Eulogio alipopelekwa hospitali kufanyiwa upasuaji wa nyonga, nilimwahidi jambo moja tu: akirudi atalikuta shamba lake la mizabibu salama. Binti yake Guacimara alikuwa ameshamtengea chumba kule pwani, dirisha linatazama bwawa la kuogelea la hoteli, lakini mzee alikataa katakata. "Siku nitakayokosa kazi huku, njooni mnichukue," alisema. "Kabla ya hapo msinitajie pwani."

Basi nikajitia ujuzi. Mimi ni mwongoza watalii, mwaka wa ishirini na tisa huu kwenye mabasi. Asubuhi nawapandisha wageni kwenye milima myekundu, ambako ardhi bado ina moto chini na wao wanapiga mayowe ya furaha. Kabla ya chakula cha mchana tumeshaona ziwa la kijani, mashamba meupe ya chumvi, na ule mchanga wa njano wanakokwenda kujiunguza ngozi. Mwisho nawashusha kwenye mizabibu. Hapo nawaeleza kwamba volkano ilitufunika kwa changarawe nyeusi, wazee wetu wakaichimba mpaka wakaufikia udongo wa zamani, wakapanda mzabibu mmoja kila shimo na kuukingia upepo kwa ukuta wa mawe. Mvua kwetu ni hadithi. Changarawe ndiyo inayokamata umande na kuutunza mzizi. Ikichanganyika na udongo, imekufa. Hapo huwa nainua kidole.

Majira yale upepo ulikuwa umeyafukia mashimo nusu. Eulogio huyazoa kwa beleshi na kikapu, shimo baada ya shimo, miezi mitatu. Mimi nilikuwa na likizo ya siku tisa. Nikamwita Ayoze, jirani mwenye katapila dogo.

"Kaka yako anajua?" aliniuliza.

"Nataka afurahi akifika. Wewe washa mashine."

"Haya, mama. Yakiharibika, mimi sikuwepo."

"Domo lako! Washa."

Tulimaliza kwa siku mbili. Niliona rangi ya kahawia kwenye changarawe aliyoitandaza, nikadhani ni vumbi tu. Sijui niseme nini kujitetea. Nilikuwa nimeyasema yale maneno mara nyingi mno, hata masikio yangu yalikuwa hayayasikii tena.

Februari nikamleta Eulogio nyumbani. Hakutaka kuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja shambani kwa magongo yake mawili, mimi nyuma yake natabasamu kama bibi harusi.

Akainama kwa shida, akachota gao moja la changarawe, akalifikicha, akaliachia. Changarawe safi haiachi kitu kiganjani. Chake kilibaki na udongo.

"Nani amechimba?"

"Mimi. Na Ayoze."

"Kwa mashine?"

"Kwa mashine, kaka."

"Mangapi?"

Nilishindwa kumtazama. "Yote."

Akaenda shimo la pili, akachota. La tatu. Alipofika la sita nikamshika mkono aache.

"Nitaleta changarawe nyingine," nikamwambia. "Malori, Eulogio. Nitaomba kibali cha kuichimba."

"Na hii utaitoaje? Kwa kijiko cha chai?" Hakupandisha sauti. "Babu alichimba huku miaka kumi na moja, Candelaria. Si huwa unawasimulia wageni?"

Afadhali angenipiga kwa gongo. Nililia kwa sauti pale shambani, mwanamke wa miaka sitini, na yeye akanisubiri nimalize, kama alivyokuwa akinisubiri tulipokuwa wadogo nikianguka. Mizabibu ilikuwa bado haijachipua. Kwa macho tu usingejua kitu. Ingetoa majani mwaka huo, labda na mwingine, kisha kiangazi kingeikausha mmoja mmoja, na hakuna mkono wa mtu ambao ungeweza kuzuia.

Akakaa juu ya ukuta wa mawe, akayaweka magongo mapajani.

"Guacimara bado ana kile chumba?"

"Usiseme hivyo, kaka. Kazi ipo. Kuna kupogoa, kuna..."

"Nimekuuliza chumba."

"Anacho."

"Basi twende kungali mapema."

Begi lake la hospitali lilikuwa bado garini. Sikuwa hata nimelishusha.