Sikio la Mama Pindo

Mama Pindo, fundi cherehani, aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Kwenye kliniki ya mifupa aliketi akitazamana na karani wa madai, kwa hiyo mkono mbovu ukawa upande wa kushoto wa karani. Karani, na haraka zake za Jumatatu, akaitumia kampuni ya bima msimbo wa mkono wa kushoto. Kila ugonjwa una msimbo wake, namba ambayo kampuni huisoma ili isipate taabu ya kumsoma mgonjwa.

Kampuni ikaidhinisha. Karani alipogundua kosa alipiga simu, akaomba radhi, akawekewa muziki. Mwishowe bwana mmoja mwenye sauti ya upole akamweleza kwamba kilichoidhinishwa hakirekebishwi. Kama msimbo na mgonjwa havilingani, arekebishwe mgonjwa.

Kesho yake Mama Pindo alirudi, plasta ikiwa kulia na mfupa umevunjika kushoto. Daktari alipiga picha, akaona kweli umehama, akahamisha plasta na kuagiza chai. Alishawahi kuona ini la mtu likihamia begani kwa utaratibu huohuo.

"Mwanangu," Mama Pindo akamwambia karani, "Jumamosi binti yangu anaolewa, na gauni lake bado halina mikono. Cherehani inataka mikono yote miwili. Huwezi kuandika mahali nisiposhonea?"

"Kama wapi, mama?"

"Sikio."

Karani aliona haya, maana kosa lilikuwa lake. Kurekebisha dai ni mwiko, lakini kufungua jipya ruksa, basi akafungua dai la sikio lililovunjika. Likaidhinishwa kabla chai ya daktari haijapoa.

Mama Pindo akashona, sikio likiwa ndani ya plasta. Wateja walizoea kuzungumza naye upande wa pili. Habari zilienea, na kufikia Alhamisi chumba cha kusubiri kilijaa maseremala, madereva na wasusi, wote wamefungwa masikio. Karani alilazimika kuwaita kwa ishara.

Ijumaa kampuni ikashtukia kwamba masikio yamezidi. Ikatangaza kwamba hayalipiwi tena, na kila mfupa urudi mahali ulipoidhinishwa mwanzo. Karani alibishana kwenye simu hadi koo likamkauka. Yule bwana mpole akamshukuru kwa ushirikiano.

Wakati huo Mama Pindo alikuwa amemaliza mkono mmoja wa gauni, ameanza kukata wa pili. Alisikia vizuri kabisa mfupa ukilia kwenye mkono wa kushoto, kwa kuwa sikio lilikuwa limepona. Akaweka mkasi mezani, akalia kidogo, akazima taa.

Binti akaolewa na gauni la mkono mmoja. Wageni walilisifia mno, wakasema mitindo ya siku hizi hiyo. Mama Pindo alizipokea pongezi zote kwa mkono wa kulia, uleule uliovunjika bafuni.