Barafu ya Urho

Kompyuta ya Bi. Hilkka iliwaka upesi mno, na hapo nikajua kuna jambo. Menyu ilionyesha mfumo mmoja tu wa uendeshaji, ule mpya niliotoka kumwekea ili aonane kwa video na wajukuu wake wa mji wa Oulu. Ule wa zamani haukuwepo.

Aliacha kukata mkate wa iliki. "Umeufuta?"

"Sijui bado."

"Hilo ni jibu la daktari, Ilpo."

Ndani ya mfumo wa zamani mlikuwa na programu aliyoitengeneza marehemu mumewe, Urho, isiyofunguka kwingine: vipimo vya unene wa barafu ya ziwa letu, kila Jumapili ya majira ya baridi, miaka thelathini na minane. Nakala haikuwepo.

Kazi hii nimejifunza peke yangu, kwa hiyo huandika kila hatua daftarini kabla ya kugusa kitu. Nikalifungua. Ukurasa wa leo ulianzia hatua ya pili. Ya kwanza, kuangalia mfumo wa zamani unawaka kwa mtindo gani, nilikuwa nimeiruka kwa sababu kahawa ilikuwa tayari.

"Kosa ni langu," nikasema.

"Na la kahawa." Lakini uso wake ulikuwa umepauka.

Nikaikagua diski. Sehemu ya Urho ilikuwa bado imejaa. Basi haikufutwa. Mfumo mpya unawaka kwa mtindo mpya, wa zamani kwa mtindo wa zamani, na menyu ya mfumo mpya haiuoni wa zamani. Nikaingia kwenye mipangilio ya kuwaka, nikachagua mtindo wa zamani, nikaiandika hatua hiyo daftarini, nikawasha upya.

Skrini ilikaa nyeusi dakika nzima. Kisha likaja jedwali la Urho.

Nikashuka hadi mstari wa mwisho, nikausoma mara mbili. Urho tulimzika miaka miwili iliyopita. Mstari ule ulikuwa wa Jumapili iliyopita: sentimita hamsini na moja.

Bi. Hilkka ana miaka themanini na moja na goti bovu. Anaishi peke yake.

"Nani anapima?" nikauliza, ingawa keekee ya barafu, ile ya kutobolea shimo la kupimia, ilikuwa imeegemea mlango, ikidondosha maji.

Bi. Hilkka alivuta kibodi, akaandika tarehe ya leo, Jumapili nyingine, kisha hamsini na tatu.

Nikalifunga daftari. "Jumapili ijayo nitabeba keekee mimi."

"Beba," akasema. "Hatua ya kwanza ni kujaribu barafu ya ukingoni. Hiyo usiiruke."